Mtoto anayepoteza maneno baada ya malaria

Wiki hii tunaandika juu ya jambo ambalo sisi walimu tulilielewa vibaya kwa muda mrefu. Tulipokea katika darasa la kwanza mtoto mmoja ambaye hajibu. Ukimwambia alete daftari, anaangalia kwanza mikono yako, halafu anaangalia wenzake wanafanya nini. Tulidhani ni ukaidi, tukamkalisha benchi ya nyuma. Mama yake alipofika shuleni hakuja kutulalamikia. Alikuja kutuomba msamaha, sawa vile kosa lilikuwa lake. Ndipo alituelezea: akiwa na miaka mitatu mtoto aliongea vizuri, Kihunde na Kiswahili, hata kuimba. Kisha malaria ilimkamata wakati familia ilikuwa imekimbilia porini. Alishtukashtuka usiku wote, akalala siku mbili bila kuamka. Alipona, lakini maneno hayakurudi yote. Majirani walisema ni mkono wa mtu.

Si mkono wa mtu. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watu walikuwa na jina lao kwa ugonjwa wa kushtuka: degedege, ama nyuni, sawa vile ni ndege anayempitia mtoto. Kule Kilifi pia watafiti wamefuata kwa miaka mingi watoto waliougua malaria kali. Mwaka 2005 walitoa matokeo juu ya watoto wa miaka 6 mpaka 9 ambao waliugua hivyo wakiwa wadogo. Kati ya wale waliopoteza fahamu, ama walioshtuka mara nyingi, karibu mtoto 1 kwa 4 alibaki na shida fulani: kuongea, kukumbuka, kuona, kusikia ama kutembea. Kati ya wale ambao hawakuugua hivyo, ilikuwa karibu 1 kwa 10. Kuongea ni moja ya mambo yaliyoumia sana. Na watoto walipimwa kwa lugha ya nyumbani kwao, Kigiriama, si kwa lugha ya shule. Hilo lilitugusa sisi ambao tunapima mtoto wa Nyabiondo kwa Kifaransa.

Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo sana. Kuna chombo cha kuupima: wanabandika nyuzi nyembamba juu ya kichwa cha mtoto, haziumi, na mashine inachora mistari. Katika malaria ya ubongo, chembe za damu zilizobeba vijidudu zinanata ndani ya mishipa midogo ya kichwa na kuziba njia. Ubongo unakosa hewa na sukari. Umeme unavurugika, na mtoto anashtuka. Kadiri anavyoshtuka muda mrefu, ndivyo ubongo unatumia zaidi kile kidogo kinachobaki. Kwa watu wengi sehemu zinazoshika lugha ziko upande wa kushoto wa kichwa. Daktari Broca wa Paris alionyesha hiyo tangu miaka ya 1860. Zikiumia, mtoto anaweza kuwa na ulimi mzima, masikio mazima, na bado neno lisitoke, ama aelewe nusu tu ya unachosema.

Kitu kimoja hapa kila mama akishike. Si kila mshtuko unatikisa mwili. Mashine ya Kilifi ilionyesha umeme umevurugika kwa watoto ambao mtu angesema wamelala tu. Dalili ni ndogo: macho yamegeukia upande mmoja, kidole ama pembe ya mdomo inachezacheza, mate yanatoka, pumzi haiko sawa. Ukiona hiyo, mwambie muganga hata kama hajakuuliza. Mlaze mtoto kwa ubavu. Usiingize kijiko mdomoni, usimnyweshe dawa ya majani wala maji akiwa hajitambui. Mkimbize kituo cha afya usiku huohuo. (Tunajua njia ya hapa kwetu, na tunajua usiku wa hapa kwetu. Hatusemi ni rahisi.) Kuna artesunate ya kuingizwa kwa njia ya nyuma kwa watoto wadogo wenye hali mbaya, kabla ya kupelekwa hospitali. Ni ya kumfikisha tu. Matibabu lazima yaendelee kule. Na utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2010, Kinshasa ikiwemo, ulionyesha kwamba sindano ya artesunate inaokoa watoto wengi kuliko kinini.

Wamama wengine wanatuuliza kama ni lugha nyingi zinazomchanganya mtoto: Kihunde nyumbani, Kiswahili barabarani, Kifaransa shuleni. Hapana. Mtoto mwenye shida ya lugha anaonyesha shida hata katika lugha ya mama yake. Kama anakusimulia vizuri kwa Kihunde na ananyamaza kwa Kifaransa, huyo bado anajifunza tu. Lakini kwanza pima masikio. Simama nyuma yake, mwite kwa sauti ndogo, asikuone. Malaria kali na usaha wa masikio vinaweza kuharibu kusikia, na mtoto asiyesikia tunamwita mjinga bure.

Yule mtoto wetu anasikia. Tumemhamisha benchi ya mbele. Tunamwambia jambo moja kwa wakati mmoja, tukimwangalia usoni, kisha tunangoja, hata kama darasa lina watoto wengi na kungoja kunachosha. Mama yake anafanya vilevile akimenya mihogo: anataja kitu, anamwachia nafasi. Ubongo wa mtoto mdogo bado unaweza kujitafutia njia nyingine, si kwa wote wala si mara moja. Sasa anaunganisha maneno matatu. Kusoma bado.

Mama ambaye mtoto wake alishtuka kwa malaria, hata kama ni miaka miwili iliyopita, atuambie wakati wa kuandikisha, mbele ya mwezi wa tisa. Asingojee tumkalishe nyuma.