Kuhudumia mgonjwa nyumbani: nani atajibu akiumizwa?

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilianguka Sange, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu, kisha likalipuka. Watu zaidi ya 230 walikufa, na wengine wengi waliungua. Walionusurika walipelekwa hospitali za Uvira na Bukavu. Lakini aliyeungua hajapona siku anayoruhusiwa kurudi nyumbani. Kovu hujikunja, na kiungo kisiponyooshwa kila siku, kwa miezi mingi, mkono hubaki umepinda. Kazi hiyo hufanyika nyumbani, mara nyingi mikononi mwa jirani, mama wa kanisa au mwunga mifupa.

Huduma hiyo ni ya upendo, lakini ina hatari zake. Kiungo kikivutwa kwa nguvu, ngozi changa hupasuka. Bendeji ikikazwa mno juu ya mfupa uliovunjika, vidole huwa baridi na kufa ganzi, na mkono unaweza kupotea. Sindano ikichomwa vibaya kwenye tako, hugusa mshipa wa fahamu, na mtoto akaanza kuchechemea.

Wengi wetu hudhani kwamba aliyesaidia bure hawezi kushitakiwa. Sheria ya Congo haisemi hivyo. Katika dekreti ya 30 Julai 1888, kifungu cha 258 kinamtaka aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake alipe hasara. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kukosa uangalifu. Kifungu cha 260 kinamgusa pia anayemtuma mwingine kazi. Kwa hiyo kanisa au kituo cha afya kinachotuma watu kwa wagonjwa kisidhani kwamba lawama itamwishia yule aliyetumwa. Tena, kumuumiza mtu bila kukusudia, kwa kukosa tahadhari, ni kosa hata katika sheria ya adhabu.

Je, tuache kuwatembelea wagonjwa? Hasha. Tufanye kwa utaratibu. Anayetumwa aonyeshwe kazi na mtaalamu, na asipite pale alipofundishwa. Mgonjwa aelezwe, akubali kwanza. Kila ziara iandikwe kwenye daftari: tarehe, kilichofanyika, hali ya mgonjwa. Maumivu yakizidi au vidole vikibadilika rangi, kazi isimame, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na madhara yakitokea, tusiifunge midomo familia kwa kuwaambia tu wasamehe. Msamaha ni wa lazima kwetu sisi Wakristo, lakini haulipi upasuaji. Msamaria mwema hakuishia kufunga majeraha. Alimpeleka mgonjwa mahali pa kutunzwa, akatoa fedha, akaahidi kulipa kitakachozidi. Kanisa linalotuma watu lijiulize leo, kabla ya ajali: sanduku letu la huduma lina nini kwa ajili ya siku hiyo?