UMASKINI SI UYATIMA

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Lakini je, nia njema peke yake yatosha? Tabibu mwenye huruma asiyeuliza maradhi aweza kumpa mgonjwa dawa ya kumdhuru.

Tutazame yaliyotokea Haiti, katika visiwa vya Karibi. Tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la ardhi liliubomoa mji mkuu, Port-au-Prince, na vitongoji vyake. Maelfu kwa maelfu ya watu walipoteza maisha, na zaidi ya milioni moja wakakosa makazi. Ulimwengu uliguswa, na watu wa kujitolea wakamiminika kutoka kila upande. Miongoni mwao walikuwamo waumini 10 wa makanisa ya Kibaptisti ya Marekani, wengi wao wakitoka katika jimbo la Idaho. Walisema wamekuja kuwaokoa yatima.

Tarehe 29 Januari waumini hao walizuiwa mpakani wakiwa na watoto 33 ndani ya basi, wakielekea Jamhuri ya Dominika. Hawakuwa na hati zilizotakiwa. Mdogo kuliko wote alikuwa na umri wa miezi michache tu, na mkubwa alikuwa na miaka 12. Watumishi wa kituo kilichowapokea watoto hao walieleza kwamba msichana mmoja alikuwa akilia na kusema kuwa yeye si yatima, wazazi wake wapo, na alidhani anapelekwa kambini kwa mapumziko. Baadaye waandishi wa habari walifuatilia, ikadhihirika kwamba watoto wote walikuwa na angalau mzazi mmoja aliye hai.

Waliwatoa nani basi? Wazazi wenyewe. Wengi wa watoto hao walitoka Callebas, kijiji kilichoko milimani juu ya mji mkuu. Wazazi walisema wameahidiwa kwamba watoto watasoma, na kwamba wao wataweza kwenda kuwatembelea. Usifanye haraka kuwalaumu, ndugu msomaji. Mzazi asiyejua kesho atapika nini, akiahidiwa shule na sahani ya chakula kwa mwanawe, hutoa huku moyo ukimuuma. Hilo si kukosa mapenzi.

Mwezi Machi 2010 watoto karibu wote walirudishwa kwa wazazi wao. Mashtaka ya utekaji yaliondolewa, ila mwezi Mei kiongozi wa msafara alitiwa hatiani kwa kuandaa safari isiyo halali, akaachiwa kwa kuwa muda aliokaa rumande ulihesabiwa kuwa ndio adhabu yake.

Kesi ilikwisha, lakini ugonjwa wenyewe haukuisha. Inakadiriwa kwamba katika kila watoto 10 walioko katika vituo vya yatima vya Haiti, wapatao 8 wana mzazi aliye hai. Sababu yake si ngumu kuielewa. Sadaka za wageni huelekezwa kituoni, na kituo kisicho na watoto hakipati sadaka. Mama kijijini naye huona kwamba shule na chakula viko huko, humpeleka mwanawe. Kisha huja mgeni wa wiki mbili, akabeba watoto, akapiga picha, akaaga. Mtoto aliyekwisha kumzoea hubaki akilia, hata afike mgeni mwingine aanze upya. Hivyo fedha iliyokusudiwa kumfariji yatima humtenga na mama yake mtoto asiye yatima.

Mnamo Desemba 2009, wiki chache tu kabla ya tetemeko hilo, Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo isemayo kwamba umaskini pekee kamwe usiwe sababu ya kumtoa mtoto katika familia yake. Desemba 2019, Baraza Kuu lilizitaka nchi zizuie pia madhara yatokanayo na safari za kujitolea katika vituo vya yatima.

Je, watu waache kujitolea? La hasha! Mganga, muuguzi, fundi wa maji na mwalimu wa walimu wana kazi kubwa, wakifanya kazi chini ya wenyeji na pamoja nao. Lakini anayetaka kumsaidia mtoto hana budi kuanza na mzazi wake: ada, mbegu, mtaji mdogo, dawa, paa la nyumba.

Nawe uliyefunga furushi la nguo kukipelekea kituo, peleka na maswali matatu. Ni watoto wangapi hapa wana wazazi? Kitu gani kinawazuia kulala kwao? Na nini kinafanywa ili warudi? Yatima wa kweli wapo, nao wanastahili malezi yetu. Bali mwenye mama, kwanza tumsaidie mama yake.