Mbege ya Himo haivuki Holili, ulezi wake unavuka

HIMO, Kilimanjaro. Asubuhi, nyuma ya kilabu kimoja cha mbege mjini hapa, masufuria mawili yako jikoni. La kwanza lina ndizi mbivu zilizomenywa, zinazochemshwa hadi ziwe nyekundu. La pili lina uji wa kimea cha ulezi uliotiwa magome ya msesewa, mti unaoipa mbege uchungu wake. Ndizi zitaachwa siku kadhaa zichachuke, zichujwe kwa maji, kisha zichanganywe na uji uliopoa. Kesho yake wateja watainywa kwa kata.

Mama mwenye kilabu hununua kila kitu jirani: ndizi kutoka migomba ya Marangu, ulezi sokoni, kuni kijijini. Kutoka hapa hadi Holili ni mwendo mfupi wa bodaboda, na ng'ambo yake ni Taveta, Kenya, ambako mbege si kinywaji kigeni. Lakini ndoo zake haziendi huko.

Wengi hudhani kikwazo ni ushuru wa forodha. Sivyo. Tangu mwaka 2010, bidhaa zenye uasili wa Afrika Mashariki hazitozwi ushuru huo zinapovuka mipaka ya ndani ya Jumuiya. Vikwazo viko kwingine.

Cha kwanza ni kinywaji chenyewe. Mbege huendelea kuchachuka, na baada ya siku moja au mbili huwa chachu mno. Cha pili ni alama ya ubora. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 inazitaka nchi wanachama kutambua alama za kila mmoja, ila pombe ya ndoo haina alama ya kutambuliwa. Aidha, sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka anayeingiza pombe nchini awe na leseni. Cha tatu ni ushuru wa bidhaa, ambao kila nchi hujipangia wenyewe.

Hapo ndipo siasa ya neno "zao la nyumbani" inapoonekana. Uganda iliipunguzia ushuru bia ya mtama, na Eagle Lager ikapata soko kuanzia mwaka 2002. Kenya ilifanya hivyo kwa Senator Keg mwaka 2004. Mwaka 2013 Kenya iliporudisha sehemu ya ushuru, mauzo yaliporomoka na wakulima wa mtama wakakosa mnunuzi, hadi nafuu iliporejeshwa mwaka 2015. Lakini nafuu hiyo ni kwa mazao yaliyolimwa Kenya. Kwenye forodha, ulezi wa Tanzania ni bidhaa ya Jumuiya. Kwenye hesabu za kiwanda cha bia, ni wa kigeni.

Kwa mfanyabiashara, maana yake ni hii: kwa sasa faida ya mpakani iko kwenye gunia. Mzigo wa ulezi usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani hapo hapo. Beba pia cheti cha afya ya mimea, na hakikisha nafaka imekauka vizuri, kwa kuwa sumukuvu hurudisha magari.

Lakini anayeuza gunia humwachia mwingine faida ya kupika. Kwamba ndizi inaweza kuingia kwenye chupa si ndoto: Banana Investments ya Arusha imeuza mvinyo wa ndizi kwa miaka mingi. Mama wa Himo peke yake hamudu mtambo wa kuua chachu na kufunga chupa. Wapishi kumi wakiungana wanaweza kukaribia, iwapo serikali zitakubaliana kwamba nafuu ya ushuru ifuate uasili wa Jumuiya badala ya bendera.

Hadi hapo, mwenye kiu Taveta atavuka mwenyewe kuja kunywa Himo.