Saruji, kuni na dizeli: Mwenye zabuni ana neno la mwisho Tunduma

KATA ya Chapwa ni miongoni mwa kata za Mji wa Tunduma, mkoani Songwe, mji ambao katika Sensa ya mwaka 2012 ulikuwa na wakazi wasiofika 100,000, lakini katika Sensa ya mwaka 2022 ukavuka 200,000. Ongezeko hilo maana yake ni nyumba, maghala, madarasa na barabara, na yote hayo huanza na matofali, saruji na dizeli.

Swali linalowakabili wajenzi ni namna ya kupunguza gesijoto na matumizi ya nishati bila kupandisha gharama ya jengo. Hatua kadhaa zimo ndani ya uwezo wa mkandarasi, na humletea faida. Lakini iliyo kubwa zaidi huamuliwa kabla hajafika eneo la kazi.

Iliyo rahisi ni dizeli. Lita moja ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Greda na magari yakiachwa yakiunguruma bila kazi na kuteketeza lita 10 kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni lita 260, sawa na takriban kilo 700 za hewa hiyo kila mwezi. Fedha ya lita hizo hutoka katika faida ya mkandarasi mwenyewe. Kuzima injini, kufanya matengenezo kwa wakati na kupanga safari za malori yasirudi matupu ni mambo yasiyohitaji mtaji mkubwa.

Kadhalika, mashine za kukata nondo, za kuchomelea na za kuchanganyia zege zinaweza kutumia umeme wa gridi pale ulipofika, jenereta ikabaki kuwa ya dharura. Hoja hiyo imepata nguvu baada ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kukamilisha mitambo yake yote tisa mwaka 2025. Umeme wa maji hauna moshi wa jenereta.

Saruji ni suala gumu zaidi. Kwa wastani wa dunia, tani moja huambatana na takriban kilo 600 za hewa ukaa, yaani kilo 30 kwa mfuko wa kilo 50. Zaidi ya nusu ya hewa hiyo haitokani na moto wa tanuru bali na mawe ya chokaa yenyewe yanapobadilika kuwa klinka. Hivyo, hata kiwanda kikibadili nishati, tatizo hubaki.

Kinachobaki kwa mjenzi ni kutopoteza saruji. Zege likipimwa kwa vipimo badala ya kukadiriwa kwa macho, na likamwagiliwa maji ipasavyo, hupata nguvu iliyokusudiwa bila kuongezewa mifuko. Kununua saruji ya kiwanda kilichopo Songwe, wilayani Mbeya, badala ya ile ya Dar es Salaam au Tanga, nako hupunguza safari ndefu ya malori.

Hata hivyo, jambo zito ni tofali. Katika Nyanda za Juu Kusini, tofali la kuchoma limezoeleka, na tanuru lake hula kuni nyingi. Bei yake huonekana nafuu kwa sababu mara nyingi haina ndani yake gharama ya mti uliokatwa.

Mbadala upo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana, ambayo hutengenezwa kwa udongo na saruji kidogo, yakashindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Kwa kuwa hushikana yenyewe, ukuta hutumia udongo wa saruji mchache kuyaunganisha.

Wapo watakaosema kuwa kuacha matanuru ni kuwanyima vijana riziki. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Lakini halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kinachofyatua matofali ya kuchoma kinaweza kukopeshwa mashine ya kufyatulia ya kufungamana, kikabaki na kazi yake.

Mashine hiyo itakosa maana endapo tofali lake halina mnunuzi. Mkandarasi hujenga kwa kile kilichoandikwa katika michoro na mchanganuo wa gharama. Zabuni ikitaja tofali la kuchoma, atalinunua, na akileta jingine anaweza kukataliwa malipo.

Mwaka 2021 Tanzania iliahidi kimataifa kupunguza gesijoto kwa kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwepo bila hatua zozote. Ahadi hiyo haiwezi kutekelezwa mijini kama Tunduma iwapo zabuni za madarasa na zahanati zitaendelea kuandikwa kwa mazoea. Serikali na halmashauri zake ni wateja wakubwa wa makandarasi. Zikitaka tofali lisilochomwa, soko litafuata; zikinyamaza, kuni zitaendelea kuungua.