Gari la shamba likihamia mjini

Leo tuongee magari kidogo.

Kwenye maonyesho makubwa huko duniani utaona gari la mfano: matairi makubwa, milango inafunguka kama mbawa. Miaka michache baadaye linatoka kiwandani... wala halifanani! Mhasibu kapunguza, sheria za usalama zimeongeza, na mashine ya kukunja bati imegoma kufuata mikunjo ya mchoraji. Hilo mimi silalamikii. La maonyesho linaundwa moja kwa mkono, la kuuza lazima yatoke mengi kwa bei inayolipika.

Kinachoniuma ni pale anapobadilishwa mnunuzi mwenyewe.

Chukua Mobius ya Kenya. Mwingereza Joel Jackson alipata wazo lake mwaka 2009, akifanya kazi na wakulima vijijini: gari gumu, rahisi, la barabara mbovu. Toleo la kwanza kuingia sokoni halikuwa na kiyoyozi wala vioo vya madirisha, na bei yake ilikuwa chini ya shilingi milioni 1 za Kenya. Lililofuata, mwaka 2018, likafika kama milioni 1.3. Mobius III ikaja na kiyoyozi na mambo mengi ya kistarehe, bei ikapita milioni 3. Agosti 2024 kampuni ikatangaza kufunga kutokana na madeni, kisha akajitokeza mnunuzi wa kuichukua.

Sasa njoo huku Idete, bonde la Kilombero. Masika hii barabara ni tope tupu. Gunia la mpunga na mama mjamzito wote wanasubiri usafiri uleule, na mara nyingi ni bodaboda. Gari lile la kwanza lingetufaa sana. Lile la milioni 3? Mkulima wetu alishaachwa kwenye mataa zamani.

Ushauri wangu kwa ndugu zetu wa Nyumbu pale Kibaha, na kijana yeyote anayechora gari la Kitanzania: kupunguza hamtakwepa, bei ni bei. Punguzeni redio, punguzeni urembo wa dashibodi. Ila ule urefu kutoka chini, springi ngumu, na spea ambazo fundi wa Ifakara anazipata, msiziguse! Na kabla ya kuupitisha mchoro wa mwisho, leteni gari huku mwezi wa nne, lijazeni mpunga, tuone.

Likikwama, rudini mkachore upya.