Maneno yanayobaki nyuma ya vita

Kule Uingereza mwaka 1980 kilitoka kitabu kinachoitwa Riddley Walker. Mwandishi wake, Russell Hoban, alikuwa amekwisha kujulikana kwa hadithi za watoto wadogo. Hiki kinasimuliwa na kijana wa miaka 12, anayeishi zaidi ya miaka 2,000 baada ya bomu la atomu kuharibu dunia. (Na tukumbuke, sehemu kubwa ya uranium ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga yetu.) Hoban alitumia miaka zaidi ya mitano, kwa sababu alibuni lugha nzima: Kiingereza kilichochakaa kama kitenge cha kufuliwa kila siku. Mji wa Dover umegeuka maneno yenye maana ya "fanya tena". Watu wanayo maneno ya wazee, maana imepotea.

Msicheke. Muulize mtoto wako Filtisaf ni nini. Atasema ni mtaa. Bibi yake anajua: ni Filatures et Tissages Africains, kiwanda cha kusokota uzi na kufuma nguo tangu wakati wa Wabelgiji. Mashine zilinyamaza, jina likabaki. Hilo halina ubaya.

Katika hadithi ya Hoban, ubaya unakuja watu wanapookota vipande vya maneno ya zamani bila kujua yalileta nini. Wanaviunganisha, na mwishowe wanatengeneza tena baruti.

Vita vya Waluba na Watwa, 2016 na 2017, vilileta familia nyingi hapa Kalemie. Watoto walichanganya Kiluba, Kitabwa, Kiswahili na Kifaransa, wakapata lugha yao ya kuchezea mpira. Mimi naipenda, hata kama walimu wananuna. Lakini ndani yake nasikia pia majina ya kutukanana ya wakati ule. Mtoto wa miaka saba hakuwa amezaliwa. Analitupa neno kama jiwe, hajui liliwahi kumpiga nani.

Kofi halisaidii, atakwenda kulisema ziwani. Mkalishe karibu na mbabula wakati unasonga bukari, umwambie neno lile lilitoka wapi, nani alikimbia, nyumba ya nani iliungua. Habari ya nani alianza iache. Kila upande una hesabu yake. Na kama kikundi chenu kina mama Mtwa, muulizeni yeye mwenyewe anapenda watu wake waitwe jina gani, watoto wakiwa wanasikia.