Ufa wa Uwanja wa Ndege

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwaka 2017 Nigeria ililazimika kuujenga ukuta huo. Njia pekee ya kurukia ndege mjini Abuja ilikuwa imechakaa, ikafungwa kwa wiki sita kuanzia Machi 8. Ndege zilitua Kaduna, na abiria wakasafirishwa kwa mabasi chini ya ulinzi, kwa kuwa barabara ile ilijulikana kwa watekaji nyara.

Mafundi hawakukosa, kazi yao ilikwisha kwa wakati. Kosa ni la miaka iliyotangulia. Kila sakafu ya uwanja, iwe ya lami au ya zege, ina umri wake. Maji yakipenya kwenye maungio, mabamba ya zege hupasuka, na kipande kilichobanduka chaweza kuharibu injini. Tena zege la kawaida huhitaji siku kadhaa kukomaa. Halitengenezwi usiku mmoja.

Viwanja vingi vya Afrika Mashariki, ukiwamo wa Kilimanjaro, vina njia moja tu. Hapana budi sakafu zipimwe mara kwa mara, fedha zitengwe mapema, na mabamba yabadilishwe kwa awamu. Tusingoje ufa utupangie tarehe.